Mifuko Arobaini na Miwili ya Mwalimu Agnetha

Mdomo wangu haujui kufungwa, hilo Katoro nzima wanalijua. Mke wangu Eunice husema siku nikifa watanizika mimi leo, mdomo watauzika kesho yake. Basi leo acha niutumie kwa jambo la maana. Nataka kusema habari za mwalimu Agnetha, maana wanaozisema wanazisema hovyo, na ukweli wake ninao mimi. Na ukweli wenyewe hauninenei mema.

Naitwa Kalisti, fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na geti la shule ya msingi, kinachotutenganisha ni barabara na vumbi lake. Nashona sare za wanafunzi, magauni ya ubatizo, na nikikosa kazi nabana suruali za vijana wa bodaboda. Kabla ya cherehani niliosha dhahabu mwaloni miaka minne, mpaka kifua kikakataa. Hilo la mwaloni likumbukeni, nitalirudia, ingawa silipendi.

Mwalimu Agnetha ni Msumbwa wa Ushirombo, binti wa katekista, mwembamba, mwenye haraka. Akitembea utadhani kuna mtu anamwita mbele. Anafundisha darasa la nne. Nasema darasa, lakini ni chumba kimoja chenye watoto mia moja sitini na mmoja. Waliokosa dawati wanakaa chini, na waliokosa pa kukaa chini wanasimama nje ya dirisha na madaftari yao. Sauti yake ilishakwisha. Ukimsikia saa tatu asubuhi utadhani ana mafua, ukimsikia saa nane utadhani anaaga dunia. Na hapo bado ana mafungu ya madaftari ya kusahihisha, anayabeba kichwani kwenda nayo nyumbani kama mzigo wa kuni.

Mwaka juzi wakampeleka semina Shinyanga, siku tatu, ya ustawi wa walimu na wazazi. Akarudi na kijitabu. Juu kina picha ya mwanamke ameketi kwenye nyasi, amefumba macho, anatabasamu. Alinisomea hapa kibarazani: mwalimu, jitengee dakika kumi na tano za utulivu kila siku. Mzazi, kaa na mwanao dakika kumi kila jioni, umsikilize, msome pamoja. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

"Mwalimu," nikamwambia, "hao waliokiandika wamewahi kufika Katoro kweli? Hizo dakika kumi na tano utazitoa kwenye mfuko gani?"

"Cheka, fundi. Ukimaliza kucheka unisikilize," akasema. "Hizo kumi na tano zangu sizitaki. Nazitaka hizo kumi za mzazi."

Akanieleza. Katika wale mia moja sitini na mmoja, arobaini na wawili hawakujua kusoma kabisa. Darasa la nne! Wamevushwa tu mwaka hadi mwaka kama mbuzi wanaovushwa mto. Na mwisho wa mwaka kuna upimaji wa darasa la nne, wa taifa. Anayeshindwa anakariri darasa. Yeye peke yake shuleni hawezi kumshika kila mmoja mkono, hata kama siku ingekuwa na saa mia. Na nyumbani hawana kitu cha kusomea, hata gazeti la kufungia maandazi. Mama zao wako mwaloni toka alfajiri mpaka giza linaingia.

"Kuna mmoja anaitwa Martina," akasema. "Ana akili, fundi, wewe hujui tu. Tatizo hajashikwa. Juzi nilimwita mama yake. Unajua aliniambia nini? Kasema, mwalimu, mtoto huyu nimempa mwaka huu tu. Akishindwa huo mtihani, akaambiwa arudie, basi. Atakuja kunishikia karai mwaloni, maana wadogo zake watatu nawalisha peke yangu."

Mama Martina mwenyewe namfahamu. Jina lake Melania, Msukuma wa huku kwetu, mwanamke wa kazi. Mumewe alifuata dhahabu ya mbali na hajarudi wala hajapiga simu. Akisema neno amesema, si mwanamke wa kubembeleza.

"Sasa mimi fundi cherehani naingiaje hapo?" nikamuuliza.

Akatoa mchoro. Ulikuwa mfuko wa kuvaa begani. Ukiufungua mbele, unatandazika na kuwa ubao mdogo. Ndani una kimfuko cha herufi zilizokatwa kwenye vitambaa vya rangi. Mtoto anazibandika kwenye ule ubao, anaunda neno, anazibandua, anaunda jingine. Hahitaji chaki wala daftari, hata meza hahitaji. Na pembeni kuna kadi ya mzazi, ya picha tupu, kwa sababu wazazi wengi nao hawasomi: mama ameketi na mtoto, jua linazama, vidole kumi vimenyooshwa. Umuulize mtoto leo amefurahi nini, ameumizwa na nini, kisha akusomee neno moja. Basi. Ndicho kile kijitabu cha Shinyanga, ila yeye alikivua suti akakivisha kandambili.

Nami nikakunja mikono ya shati. Sijui alinipa kitu gani mwalimu yule. Ukimsikiliza unajiona na wewe ni mtu.

Mfuko wa kwanza niliushona kwa marekani. Mwalimu akabandika herufi, zikaanguka. Tukajaribu kitenge, zikaanguka. Kwa nyuma ya herufi tulikuwa tumegandisha msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi rangi wa magari, ili zikwaruze na kushika. Msasa ulikuwa sawa, kitambaa ndicho kilichokuwa laini mno. Siku mbili nikakosa raha. Siku ya tatu nikaenda sokoni kwenye belo za mitumba, nikaona taulo za hoteli, nene, zenye manyoya yaliyosimama. Nikaweka herufi moja. Ikashika. Nikatikisa. Haikuanguka. Nilirudi nakimbia, mtu mzima na mvi zangu.

Mwalimu alipoona, akapiga kigelegele kwa ile sauti yake iliyokwisha, kikatoka kama mluzi wa birika. Tukashona mifuko arobaini na miwili. Pindo zote niliweka uzi mwekundu, mshono wa mara mbili, na kila mfuko nikaushonea jina la mtoto. Kazi ile ilikuwa safi, nasema mwenyewe. Nani atanisifu nisipojisifu?

Mkutano wa wazazi ukaitishwa Ijumaa mchana mwezi wa nne. Mwalimu mkuu, Gelasius, akafungua kwa hotuba ndefu ya madawati. Wanawake walikuja kutoka mwaloni moja kwa moja, tope limewakauka miguuni, wengine wamelala wamekaa. Agnetha akasimama, akaeleza sentensi tatu, sauti ikakata. Akashika koo. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimebeba mifuko.

"Fundi, hebu nisaidie."

Lo! Kuniambia mimi niseme mbele ya watu ni kumwambia fisi alinde bucha. Nikapanda mbele. Nikabandika herufi nne: M, A, M, A. Nikautikisa mfuko. Nikaugeuza juu chini. Wakaanza kuamka. Nikaona bado, nikataka washangae. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji. Nikachota kikombe, nikauinamisha ule mfuko juu ya dawati kwa mteremko, nikamwaga maji kutoka juu. Maji yakateremka mpaka sakafuni. Herufi zikabaki pale pale.

"Mnaona mama zangu?" nikasema. "Kitambaa hiki hakiachii kitu! Kikishashika kimeshika!"

Kisha wakapiga makofi, na Agnetha ndiye aliyeanza. Mama Martina akaja mbele, akapitisha kidole kwenye manyoya kwenda juu, akakirudisha chini polepole.

"Hiki kitambaa ulikipata wapi, fundi?"

"Kwenye belo za mitumba, hapo hapo sokoni."

"Kizuri," akasema. "Kizuri kweli."

Mimi kichwa kikavimba. Nikadhani anasifu mshono.

Sasa kwa asiyejua mwaloni. Mawe ya dhahabu yakitoka shimoni yanasagwa, na unga wake unaletwa kuoshwa. Unaweka ubao kwa mteremko, juu yake unatandika kitambaa chenye manyoya, unamwaga ule unga na maji kutoka juu. Mchanga unateremka, dhahabu kwa sababu ni nzito inanasa kwenye manyoya. Kitambaa kizuri ndicho kila kitu. Na kikichakaa hukitupi, unakichoma, unasafisha majivu, maana bado kuna vumbi la dhahabu lililojificha ndani. Kazi hiyo nimeifanya kwa mikono hii miaka minne. Naweza kuifanya nimefumba macho. Na bado nilisimama mbele ya waosha dhahabu thelathini na kitu, nikainamisha kitambaa chenye manyoya, nikamwaga maji, nikawaambia hakiachii kitu. Jamani! Sikurogwa wala sikutumwa. Ni mdomo wangu tu.

Lakini mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mwezi wa tano na wa sita watoto walipita hapa na mifuko yao begani, wekundu wa uzi wangu unaonekana toka mbali. Martina alikuwa akitoka shule anakuja kukaa kwenye ngazi ya kibaraza, kwa sababu nyumbani kwao hakuna mtu. Mtoto wa miaka kumi, mdogo wa umbo, macho makubwa, mwoga wa kuuliza. Anatandaza mfuko wake miguuni kwangu. Siku ya kwanza aliunda BA. Wiki iliyofuata akaunda BABU, akaniangalia.

"Ndiyo wewe," akasema.

Nikamfokea kwamba mimi sijawa babu. Akacheka mpaka akaangusha herufi. Eunice akamletea uji. Tangu hapo Eunice akawa anapika uji mwingi kuliko tunaokunywa, na sikumuuliza.

Agnetha akiwa anavuka barabara jioni alikuwa anasimama hapa, anamsikiliza Martina maneno mawili matatu, kisha ananiambia kwa kunong'ona, "Fundi, kumi na tisa sasa wanasoma silabi. Kumi na tisa!" Uso wake ulikuwa umebadilika. Hata ile haraka yake ilipungua. Siku moja nilimwona amesimama getini hafanyi kitu, anatazama tu watoto wakitoka.

Mwezi wa nane shimo moja upande wa mashariki likatema dhahabu. Huku kwetu likitema, hakuna anayebaki nyumbani. Malori ya mawe yakaanza kupita hapa mchana kutwa, karasha za kusagia mawe zikanguruma, na mwaloni watu wakawa wanagombania nafasi ya kuweka ubao. Taulo zikaisha sokoni ndani ya siku tatu. Wanawake wakaanza kuja kwangu.

"Fundi, huna kile kitambaa cha mifuko ya mwalimu?"

"Kimekwisha."

"Hata kipande?"

Mpaka hapo sikushtuka. Haki ya Mungu, sikushtuka. Mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, lakini mimi sikuwa mwerevu wala sikuerevuka. Nilianza kuelewa nilipoona watoto wanapita na herufi zao kwenye mifuko ya nailoni, na mabega matupu. Kwanza watatu. Kisha wanane. Nikawauliza, wakasema, "Mama ameuazima." Agnetha akawauliza darasani, wakamjibu hivyo hivyo.

Siku Martina alipokuja bila mfuko, alikaa pale kwenye ngazi akapanga herufi juu ya saruji. Upepo wa lori ukapita, zikatawanyika barabarani. Akazikimbilia. Bodaboda nusura imgonge. Nilimvuta kwa nguvu nikamtukana kwa woga, mtoto akalia, na mimi nikaacha kazi siku ile.

Jumamosi mimi na mwalimu tukaenda mwaloni. Sikuwa nimekanyaga pale miaka kumi na nane. Harufu ya tope ni ile ile. Mbao zimepangwa kwa safu, wanawake wameinama, maji mekundu yanateremka. Na juu ya mbao, jamani, uzi wangu mwekundu. Mshono wa mara mbili. Niliona Lusia. Niliona Magesa. Niliona jina la yule mtoto wa Justina muuza mboga. Nikahesabu mpaka mifuko kumi na saba, nikaacha kuhesabu. Imefunguliwa vizuri, imetandikwa, na maji yanapita juu ya majina ya watoto.

Mama Martina alituona, akanyoosha mgongo, akafuta mikono.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, mayu," Agnetha akajibu. Kisukuma chake si kizuri, lakini salamu hakosei. "Mfuko wa Martina uko wapi?"

"Ulichakaa. Tumeuchoma Alhamisi."

Alisema bila kuficha. Hakuona cha kuficha. Akaendelea, "Lakini herufi zake nilizitoa zote, mwalimu. Hata moja haijapotea. Na ile kadi yako ya picha nimeibandika ukutani."

"Na zile dakika kumi?"

"Mwalimu wangu, mimi natoka hajaamka, narudi amelala. Hizo dakika kumi ungenishonea na zenyewe." Halafu akalegeza sauti, akataka mwalimu afurahi. "Nilichopata kwenye majivu yale nimemnunulia sketi ya shule. Mpya. Ya kuvaa siku ya mtihani. Ile ya zamani ilikuwa inamwaibisha mbele ya wenzake."

Nikashikwa na hasira. Nikafungua mdomo kumfokea, nikaanza kusema nyie watu nyie, mwalimu amejitoa mhanga kwa ajili ya watoto wenu. Mama Martina akanitazama, akashangaa kweli.

"Lakini fundi, si wewe uliyetuonyesha? Na maji ukamwaga? Sisi tukajua umetufikiria na sisi."

Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, ukajifunga wenyewe.

Agnetha akageuka, akatangulia. Tulirudi kwa miguu. Njiani, karibu na ghala la mpunga, akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ulishawahi kuosha dhahabu?"

"Miaka minne."

"Hukuniambia."

"Nilisahau, mwalimu."

Na ni kweli nilisahau. Ila hata mimi nikijisikia nikiyasema yale, siyaamini. Mtu anasahauje mahali palipomla kifua? Nadhani nilitaka tu makofi. Wanawake wale walikuwa wamelala, nikataka waamke.

Tulipofika hapa, alikaa kwenye benchi la wateja. Hakuwahi kukaa hata siku moja, siku zote husimama. Eunice akamletea maji, hakunywa. Akatazama barabara tu. Zikapita dakika kumi na tano kamili, nadhani ndizo zile za kijitabu. Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri angenitukana. Baadaye akainuka, akasema, "Tafuta kitambaa kingine, fundi. Umebaki mwezi mmoja na nusu." Akavuka barabara na madaftari yake kichwani.

Nikatafuta. Nikaenda Katoro yote, nikamtuma dereva wa basi anitazamie Kahama. Taulo hakuna. Zilizokuwepo zimeondoka na wachimbaji. Nikaingia chumbani nikatoa blanketi letu, tulilozawadiwa siku ya ndoa, Eunice akanitazama nikilikata. Nilishona mfuko mmoja, wa Martina. Herufi hazikushika. Miaka ishirini na sita ya mgongo wangu ilikuwa imeshayala manyoya yote, limebaki jepesi kama gunia la zamani. Martina akabandika, zikaanguka. Akabandika tena, akazishikilia kwa vidole, kisha akasema, "Hivi hivi zinatosha, babu." Alisema ili kunifariji. Hilo liliniuma kuliko yote.

Agnetha akaanza kuwafundisha wale arobaini na wawili chini ya ukuta wa choo, saa ya mapumziko, kwa kuchora mchangani kwa fimbo. Hanywi chai. Hali chochote. Koo likafunga kabisa wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa. Daktari wa kituo cha afya akamwambia asiseme siku kumi na nne. Akafundisha kwa kupiga makofi na kuonyesha midomo. Nilikuwa namwona kutoka hapa, anafungua mdomo na hakuna kinachotoka, na watoto wanamkazia macho. Nusu yao hawakuwepo. Walikuwa mwaloni wanaosha.

Siku ya mtihani Martina alipita amevaa sketi mpya, imenyooka, bluu bado inang'aa. Akajizungusha niione. Nikamwambia mshono mbovu, wa kiwandani, ungekuja kwangu ningekushonea ya kudumu. Akacheka.

Majibu yakatoka mwezi wa kwanza. Kati ya arobaini na wawili wamevuka saba. Martina hakuwemo. Alikosa kidogo sana, Agnetha aliniambia, kidogo tu. Wiki tatu zaidi na ule mfuko, angekuwa amefika. Alilisema hilo taratibu, hakunilenga, nami likanipata. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na wangu nimempakata mpaka leo.

Mwalimu alikwenda kwa mama Martina mara mbili kumwomba amwachie mtoto arudie. Mara zote mbili mama alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akamkumbusha alichosema. Mwaka mmoja alisema, na mwaka mmoja ametoa. "Mimi sijavunja neno langu, mwalimu," alimwambia. Na kweli hajalivunja. Sasa Agnetha ana wanafunzi mia moja themanini na wawili, na kile kijitabu chenye mwanamke wa kwenye nyasi amekiweka chini ya mguu wa meza usicheze.

Juzi Jumanne asubuhi, saa nne, nilikuwa natia uzi. Kivuli kikasimama mbele yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alikuwa Martina. Karai kichwani, na ndani yake kipande cha taulo kipya. Belo nyingine imeshafika sokoni. Amevaa ile sketi ya bluu, pindo lake limekuwa jekundu kwa tope.

"Mama amesema unipindie pembeni, maji yasifumue."

Nikakichukua. Manyoya yake yamesimama, kizuri. Nikapinda pande tatu. Nilipofika ya nne akasema, "Na uweke jina langu. Kule wanaibiana."

Nikampa chaki yangu ya kukatia. "Andika mwenyewe, mimi nitafuata kwa uzi." Sijui kwa nini nilisema vile. Akatandaza kitambaa kwenye ngazi ile ile, akapiga magoti, akaandika herufi saba zilizonyooka, hakusita wala hakufuta hata moja: MARTINA.

Agnetha alikuwa anavuka barabara kwenda kununua chaki. Akasimama. Akainama kusoma.

"Nani ameandika?"

"Mimi, mwalimu."

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma herufi saba. "Umeandika vizuri sana, Martina," akanong'ona. Sauti yake ndiyo hiyo sasa, haikurudi. Kengele ya shule ikalia, akageuka akarudi bila kununua chaki.

"Babu, tumia ule uzi mwekundu," Martina akaniambia. "Mshono wa mara mbili."

Nikashona. Nilijua kitambaa kile hakitamaliza mwezi, watakichoma na jina lake likiwa ndani yake, na mama yake atapepeta majivu. Sikumwambia. Nilikata uzi nikamkabidhi, akanishukuru, akajitwisha karai akaenda mwaloni.